Aliyemfuta Mama Mkwe

Wapendwa mliokuja kutufariji, wazee wetu, majirani, wanafunzi wa marehemu na wenzake wa makumbusho, familia imemtuma mdogo wake wa mwisho awasomee safari ya kaka yetu tangu alipozaliwa hadi alipotutoka, na kabla ya kuanza tunaomba mjue kwamba karatasi hii siyo ile iliyoandikwa kwanza. Ile ya kwanza ilikuwa fupi na safi, ilimaliza kila kitu kwa ukurasa mmoja, na juzi jioni iliposomwa sebuleni, mama mkwe wa marehemu, ambaye ameketi hapa mbele kwenye kiti chenye mto, aliisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza mwaka wa tisini na tano umekwenda wapi. Tulimweleza kwa heshima zote kwamba msibani hutajwa mema, kwamba kosa la mtu huzikwa naye, naye akatujibu kwamba tukimficha kosa lake tutakuwa tumemzika mtu mwingine, na huyo mtu mwingine yeye hamjui na hana machozi yake. Basi karatasi ile ikachanwa, na hii ndiyo ya pili.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Juni 1950, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa nne kati ya sita wa marehemu baba yetu, fundi viatu, na marehemu mama yetu, mpishi wa shule, na inasemekana alizaliwa mdogo kiasi kwamba baba alimpima wayo kwa kipimo chake cha kazini, akatangaza kuwa ni saizi ambayo bado haijatengenezewa kiatu. Alikua mkimya, mwenye macho ya kuchungulia, mtoto ambaye ukimtuma chumvi dukani atarudi na chumvi, lakini atarudi pia na mjusi mfukoni.

Alianza shule ya msingi Januari 1958, na mwaka 1962, akiwa darasa la tano, alisimamishwa masomo kwa wiki moja kwa kuingiza popo darasani ndani ya kopo la maziwa ya unga, ambalo kifuniko chake, kama alivyojitetea mbele ya mwalimu mkuu, hakikuwa na nidhamu. Popo alitoka katikati ya somo la jiografia, mwalimu akaingia chini ya meza, wanafunzi wakatoka kwa madirisha, na mhalifu mwenyewe akaamriwa abaki amtafute mnyama wake. Alimkuta nyuma ya kabati, amejibanza na mtoto kifuani, mtoto ananyonya, na kaka alisimulia mara nyingi kwamba pale pale alisahau viboko vyote, maana hakuwahi kufikiri kwamba kitu kinachoruka kinaweza kuwa na mama wa namna ile. Tangu siku hiyo hakutaka kusoma kitu kingine.

Alisoma sekondari kuanzia 1965 hadi 1970, akaingia chuo kikuu 1971, akahitimu shahada ya kwanza ya sayansi ya wanyama Novemba 1974. Mama yetu, ambaye alikuwa ameshawatangazia majirani kwamba anasomesha daktari, alipata shida kidogo kuwaeleza kwamba ni daktari wa aina nyingine, na miaka kumi baadaye, marehemu alipopata shahada ya uzamivu, Oktoba 1984, watu wa mtaani waliendelea kumletea watoto wenye kikohozi, naye akawa anatoka mlangoni kwa upole na kuwaambia kwamba yeye anajua meno ya popo tu, na hata hayo hajui kuyang'oa.

Tarehe 2 Januari 1975 aliajiriwa katika makumbusho ya viumbe, sehemu ya mamalia, chumba kirefu chenye makabati ya chuma, droo nyembamba, harufu ya naftalini isiyotoka nguoni hata ufue kwa sabuni gani, na ngozi zilizojazwa pamba zikilala kwa safu, kila moja na lebo mguuni. Wenzake wengi walichagua tembo na simba, wanyama wenye magari na wapiga picha, yeye akachagua popo, akisema huko hakuna foleni. Kazi yake ilikuwa ya kutega nyavu nyembamba machweo yanapoingia, kwenye madari, maghala na mapango, kumtoa popo wavuni kidole kimoja kimoja bila kumuumiza, kumpima, kumtazama meno, na kisha kufanya lile jambo ambalo kila mwanafunzi wake aliyeko hapa anaweza kulifanya amefumba macho, yaani kumkunjua bawa mbele ya tochi na kutazama viungo vya vidole, kwa sababu popo aliyekomaa viungo vyake vimeshika kama fundo la kamba, bali popo ambaye bado anakua, mwanga hupenya kwenye kiungo. Ngozi ikishakauka, mwanga haukuambii kitu.

Mwaka 1976 makumbusho yalipokea malalamiko kutoka shule moja ambayo popo walikuwa wanaangusha kinyesi kwenye chumba cha walimu, juu ya madaftari ya hesabu hasa, na marehemu alipokwenda kuwatazama popo akamtazama pia mwalimu wa hesabu, ikawa anarudi kukagua dari ile hata baada ya popo kuhama. Walipopendana na kutaka kuoana, kikwazo kilikuwa kimoja, nacho ni mama mzazi wa bibi harusi, wakati huo mjane wa miaka arobaini na miwili, mshonaji wa sare aliyewalea watoto wake kwa cherehani barazani, mwanamke ambaye ukimletea kitambaa pungufu anajua kabla hujakikunjua. Alimtazama mgeni wake kuanzia viatu, ambavyo hakuwa na neno navyo kwa sababu vilishonwa na baba, akapanda hadi kichwani, akasema hakumlea binti yake ili akalale na mtu anayenuka dari, na kwamba arudi siku akiwa na kazi ambayo watu wanaweza kuiona.

Ndipo Januari 1977, katika ghala la zamani la nafaka pembeni ya mji, giza likiwa limeshaingia, kaka yetu akakuta kundi la popo wadogo, wa kijivu, wamebanana kwenye kona ya boriti, wote wa umbo moja, wote wanapiga mabawa, wasiofanana na popo yeyote aliye kwenye droo zake. Tochi yake ilikuwa inakufa betri, mkuu wa idara alikuwa anataka makala kabla jarida halijafungwa, na moyoni mwa mchunguzi mwenyewe kulikuwa na mwalimu wa hesabu. Aliwachukua, akawapima, akawajaza pamba, na Agosti mwaka huo huo ikachapishwa makala kwamba imepatikana spishi mpya kabisa, na jina lake la kisayansi ni jina la mama mkwe mtarajiwa, lililoongezewa mkia wa Kilatini.

Alimpelekea jarida kwa mikono miwili. Mama aliuliza kwanza kama mnyama mwenyewe ana sura mbaya, akajibiwa, kwa ukweli ambao hata mapenzi hayakuweza kuupunguza, kwamba usoni ni mbaya kidogo lakini ana masikio mazuri sana, akacheka, na binti akaolewa tarehe 17 Desemba 1977. Picha ya popo ilitundikwa sebuleni kwa mama, ndani ya fremu kubwa kuliko ya marehemu mume wake, na kuanzia hapo aliyekwenda kupimwa suruali hakutoka barazani bila kuambiwa kwamba duniani kuna mnyama aitwaye kwa jina la mshonaji huyu, na kwamba hata wanasayansi wa ng'ambo wakitaka kumtaja ni lazima walitamke, watake wasitake.

Mungu aliwajalia watoto watatu, binti wa kwanza, mhandisi wa maji, aliyezaliwa tarehe 9 Machi 1979, wa pili mwana wa kiume, seremala, aliyezaliwa tarehe 21 Julai 1982, na kitinda mimba, muuguzi, aliyezaliwa tarehe 30 Aprili 1986, na wajukuu watano ambao babu yao aliwafundisha kuning'inia kichwa chini kabla hawajafundishwa kusalimia. Alikuwa mume mwenye kicheko cha polepole na mapungufu yake, miadi ya jioni hakuitimiza hata moja, mifuko ya suruali yake haikuwa ya kuingizwa mkono ovyo, na mkewe alisema siku moja mbele ya wageni kwamba ameolewa na mtu anayejua kila mnyama anayenyonyesha isipokuwa yule aliyeko nyumbani kwake. Mwaka 1989 aliteuliwa kuwa mkuu wa sehemu ya mamalia, akaalikwa mikutano, akatunga, akafundisha, na hatuna haja ya kuficha kwamba katika kila barua ya sifa alizopewa, sifa ya kwanza ilikuwa ni popo wa mama mkwe.

Tunafika mwaka wa tisini na tano. Mwezi wa Februari lile ghala la nafaka lilikuwa linaezekwa upya, na mafundi waliita makumbusho waje wahamishe popo, marehemu akaenda mwenyewe, safari hii mchana, akapanda ngazi, akawakuta wale popo wake wa kijivu kwenye kona ile ile, na pembeni yao, wamewakumbatia kwa mabawa, popo wakubwa wa kahawia wa kawaida kabisa, wale wanaojaa kila dari ya mji huu. Alimkunjua mmoja wa kijivu bawa mbele ya tochi, na mwanga ukapenya kwenye viungo. Aliteremka, akaketi juu ya gunia, mafundi wakadhani amepatwa na kizunguzungu. Alikuwa ameelewa kwamba miaka kumi na minane nyuma aliingia mle saa ambayo mama wote wametoka kutafuta chakula, wakawaacha watoto pamoja wajipashe joto, na kwamba ile spishi mpya kabisa haikuwa spishi, ilikuwa chekechea.

Kwa kuwa hakuwa mtu wa kuhukumu kwa gunia na kizunguzungu, alikwenda makumbusho, akatoa kwenye droo kile kielelezo cha kwanza, ambacho jina lote limesimama juu yake, akakifunga kwenye leso, akakipeleka hospitali kwa rafiki yake wa chumba cha eksirei, ambaye alisema mashine haipigi picha bila jina la mgonjwa, na marehemu, akiwa na jina moja tu la kweli la mgonjwa yule, akaandikisha la mama mkwe wake. Fundi alipoitazama picha mbele ya taa alitikisa kichwa akasema, "Mgonjwa wako huyu bado mtoto, mifupa haijaungana," na kwa maneno hayo kazi iliyomjengea kaka yetu jina ikaanguka chini.

Mbali na wachache aliowaambia mwenyewe, hakuna mtu duniani aliyejua, na hilo ndilo tunaloomba mlitazame vizuri. Mkurugenzi wa makumbusho wa wakati ule, ambaye alimpenda, alimshauri ainyamazie mpaka mama atakapofariki, akasema, "Mwache bibi aende na popo wake, anamdhuru nani?" na mkewe hakumshauri lolote ila usiku hakupata usingizi, kwa sababu aliwajua wote wawili. Kaka alijibu kwamba popo huyo atamdhuru kila atakayemsoma, kwamba kuna watu wanamwandika kwenye vitabu vyao kwa kumwamini yeye, na kwamba ukweli unaosubiri mtu afe ni sawa na kumtamania kifo. Kabla ya kupeleka sahihisho kokote, Jumapili moja ya mwezi wa Mei, alivaa shati jeupe, akaenda barazani kwa mama mkwe, akakataa chai, akamweleza yote tangu betri ya tochi.

Mama alizima cherehani. Aliuliza, "Kwa hiyo mimi sipo?" naye akamwambia, "Wewe upo, mama, popo ndiye hayupo," na mama akasema kwamba bora angekuwa hajampa kitu, kwa sababu asiyepewa haoni aibu, lakini sasa mtaa mzima utasema kwamba alikuwa anajivunia mnyama wa uongo. Kesho yake picha ilifika kwa binti yake ikiwa imefungwa kwenye gazeti, bila ujumbe. Sahihisho lilichapishwa mwaka 1996, likiwa na jina lake mwenyewe juu na kosa lake mwenyewe chini, na tangu Jumapili ile, kwa karibu miaka mitatu, mama mkwe hakuongea naye neno, akija kwa binti yake anasalimia watoto, anasalimia hata paka, na mkwe anapitwa kama kabati. Marehemu aliumia, tusidanganyane, alikonda, na kuna siku alimwambia mdogo wake huyu anayesoma kwamba hajuti kulifuta jina, anajuta tu kwamba alilitoa kwa haraka kwa mtu anayestahili lililo imara.

Kisha ukaja mwezi wa Machi 1998, homa ikazuka mtaani, watoto wengi wakalazwa, na neno likaenea kwamba ni popo walio kwenye dari ya shule ya msingi. Wazazi waliitisha mkutano ukumbini, mfanyabiashara wa dawa za wadudu akaja na pampu zake tayari, ikabaki kupiga kura tu ili sumu ipulizwe darini usiku ule na asubuhi watoto waingie darasani. Marehemu alisimama akasema kwamba sumu itakayopulizwa juu itaangukia madawati, kwamba popo wale wana watoto na wakifungiwa watafia na kuozea darini, na kwamba wangoje wiki chache watoto waweze kuruka, ndipo matundu yazibwe kwa wavu wa chuma, na wakati huo huo maji yapimwe. Walikuwa wanaanza kumsikiliza, ndipo mwenye pampu akauliza kwa sauti, "Huyu si ndiye aliyekosea hata popo wake mwenyewe?" Ukumbi ukaangua kicheko, na kaka yetu akabaki amesimama.

Nyuma kabisa ya ukumbi kiti kilisogea, akainuka mshonaji wa sare, ambaye nusu ya watoto waliokuwa wanazungumziwa walikuwa wamevaa kazi ya mikono yake, akapita katikati ya watu taratibu mpaka mbele. Alisema, "Mimi ndiye niliyefutwa. Huyu mnayemcheka alinipa popo, akaja mwenyewe kuninyang'anya, na angeweza kunyamaza nisijue mpaka nife. Sasa niambieni, mtu aliyemfuta mama mkwe wake kwa ajili ya ukweli, atawadanganya nyinyi kwa ajili ya popo wa darini?" Wengi wenu mlikuwepo, mnakumbuka pampu zilivyorudishwa kwenye gari. Wiki iliyofuata maafisa wa afya walipima maji, wakakuta bomba la shule limepasuka karibu na mtaro wa choo, likatengenezwa, na homa ikaisha. Mama alimwambia mkwe wake jioni ile kwamba kola ya shati lake imechakaa, alilete aigeuze, na hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwake.

Kuanzia hapo walikuwa pete na kidole. Marehemu alipoitwa mashuleni kueleza habari za popo alikwenda na mama, naye alijitambulisha kwa watoto kuwa yeye ni popo mstaafu, akawa anapigiwa makofi mengi kuliko mtaalamu. Marehemu alistaafu tarehe 30 Juni 2010, akaendelea kwenda makumbusho kila siku kama vile hakuna aliyemwambia, akasimamia wanafunzi ambao leo wanafundisha wengine, na kila mmoja wao alianza kwa kusomeshwa lile sahihisho la 1996 kabla ya makala nyingine yoyote.

Februari mwaka huu wa 2022 alianza kulalamikia tumbo, na mwezi wa Aprili madaktari walithibitisha kuwa ni saratani na kwamba imekwenda mbali. Familia tulikubaliana kwamba mama, akiwa na miaka themanini na minane na shinikizo la damu, asiambiwe, aambiwe ni vidonda vya tumbo, na kila mmoja wetu alimwambia hivyo kwa uso mkavu. Alitusikiliza mmoja mmoja, akashika fimbo yake, akaingia chumbani kwa mgonjwa, akatutoa sote, akamwambia kwamba amekuja kwake kwa sababu nyumba nzima imeshaanza kumshonea uongo, akauliza atapona au hatapona. Mkwe wake alimjibu kwamba haponi, na alipoulizwa kama anaogopa akasema anaogopa. Mama aliagiza kiti, na tangu siku hiyo hakuna alasiri aliyokosa kukaa pale, wakizungumza wanayoyajua wenyewe, na sisi tuliokuwa tunamkinga ndio tuliodondoka siku ilipofika, yeye alikuwa ameshajiandaa. Marehemu alifariki akiwa nyumbani tarehe 11 Septemba 2022, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya tano, ambao hawakuchoka na maswali ya mgonjwa aliyetaka kuona kila picha yake ya eksirei na kuibishia, inawashukuru majirani mliopika, mliolala sakafuni nasi na mliotoa magari, inawashukuru wafanyakazi wa makumbusho, wanafunzi wake wote, uongozi wa shule na ninyi ambao hatukuwataja, si kwamba tumewasahau, bali ninyi ni wengi.

Neno la mwisho ameliomba mama, na ametaka lisomwe kama alivyolisema. Anasema mkwe wake alimpa kitu siku moja, na siku nyingine akaja kukichukua, na kwamba watu wote wanamjua kwa ile siku ya kupewa, lakini yeye siku anayoililia leo ni ile ya kunyang'anywa, kwa sababu hajaona tena mtu aliyemheshimu kiasi kile.

Na anamalizia: pumzika kwa amani, mkwe. Hapa tumekusoma ulivyo.